Siku Esker Alipooshwa Mguu

Esker Gayheart aliishi miaka yake yote katika bonde moja la Kentucky, Marekani, ambako milima imebanana hata jua huchelewa kuingia na huwahi kuondoka. Aliingia mgodi wa makaa kidevu hakijaota ndevu. Jabali lilipomwangukia likamkata mguu wa kushoto chini ya goti, akaacha mgodi, akafuga nyuki, na toka hapo mtu akitaka asali au utani alijua pa kwenda.

Kanisani hakukosa. Lakini kila mwaka, siku ya kuoshana miguu kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake, wanaume upande wao na wanawake upande wao, Esker alitoka akaenda kukaa nyuma ya pikapu yake mpaka watu wamalize. Alisingizia joto. Mkewe, Verdie, alijua: hakutaka kigutu chake kionekane. Na kupiga magoti kulikuwa kumemshinda, akishuka, hainuki.

"Unakaa nje kama mbwa wa jirani," Verdie alimwambia asubuhi ile.

"Mbwa wa jirani ndiye wa kwanza kunusa kuku wa baada ya ibada."

Alijibu hivyo, ila moyoni halikuwa jambo la kuchekesha. Kila mwaka, siku hiyo, alirudi nyumbani akijiona mgeni katika kanisa aliloliezeka kwa mikono yake.

Basi akakaa kwenye pikapu. Dirisha lilikuwa wazi, na mhubiri alikuwa akighani, kama ilivyo desturi yao, maneno ya Paulo kwa Wakorintho: kwamba mwili ni mmoja na viungo ni vingi, na mguu haujitoi mwilini kwa kuwa si mkono.

"Na ule uliobaki mgodini, useme nini?" Esker akanung'unika.

Mara akamwona muumini mwenzake, Orbin Napier, anatoka na beseni, taulo kiunoni, maji yakimwagikia viatu. Miaka na miaka Orbin alikuwa akioshana na Ndugu Hobert, na Hobert walimzika wakati wa theluji.

"Wote wamepatana wawili wawili, nimebaki mimi," Orbin alisema. "Vua kiatu."

"Orbin, nina mguu mmoja."

"Ndiyo maana nimekufuata. Nina njaa, nataka kumaliza upesi."

"Hebu niondokee hapa, mzee wewe."

"Ndugu Esker." Sauti ya Orbin ikashuka. "Wewe usiponiosha, mwaka huu sioshwi. Sina mwingine."

Hilo Esker hakulitegemea. Siku zote alidhani yeye ndiye wa kuvumiliwa; kumbe yuko mtu angebaki peke yake kwa kumkosa yeye. Akavua kiatu. Orbin akapiga magoti kwenye nyasi, akaosha, akafuta. Kisha akaugonga mguu wa bandia kwa kidole.

"Na huku?"

Esker akakunja suruali hadi gotini. Halafu akafungua mikanda. Orbin akakiosha kigutu taratibu, kama mtu anayeosha mtoto mchanga.

Zamu ikageuka.

"Magoti siyawezi," Esker akasema.

"Nani kakuomba magoti?" Orbin akavua viatu, akapanda kwenye pikapu, akaketi, akamtupia miguu yote miwili mapajani.

"Mungu wangu! Hizi kucha au majembe?"

Wakacheka hata watu wakachungulia dirishani, Verdie akiwa mbele yao. Esker hakuwaficha kigutu. Akachota maji kwa kiganja, akaosha mguu wa kwanza, akafuta katikati ya vidole. Akashika wa pili. Hakufanya haraka, ingawa Orbin alishaanza kulalamikia njaa.