Kondoo Wanaotoka Jiweni

Cheti changu cha shule ya jioni sasa kiko ukutani, kwa hiyo nasema bila aibu: mpaka wiki ya mtihani wa mwisho, mtu mzima mwenye mvi, niliamini kwamba kondoo wa porini hawawezi kwisha. Baba yangu mdogo, mchinjaji wa Buyenzi kule Bujumbura, ndiye aliyetuambia. Kondoo wa Nabii Ibrahimu alitokea mlimani, alisema, na tangu siku hiyo kila anayeuawa huku chini, mwingine hutoka jiweni kule juu, mzima, na pembe zake. Hakuna aliyembishia. Siku ya Idi nani abishane na mwenye kisu?

Basi mwalimu wetu wa sayansi hapa Brussels alipotaka kila mmoja aeleze mbele ya jopo la mtihani habari za mnyama aliye hatarini kutoweka, nikachagua kondoo wa porini, niwathibitishie kwamba huyu hamaliziki. Miaka minne nilikuwa natoka kazi ya usafi naingia darasani hata nyusi zinasinzia. Nikifeli, narudia mwaka mzima, na mke wangu alishanitangazia kwamba mwaka wa tano nitausomea kwa shemeji, mtaa wa Saint-Gilles, kwenye kochi.

Siku moja kabla ya mtihani nikashuka kujaribu maneno yangu kwa jirani wa chini, Mturuki fundi viatu. Namwita tonton, yaani mjomba, ingawa mvi zangu zinazidi zake. Alinisikiliza huku akigonga kisigino. Nikamwambia pembe ni kubwa kama magurudumu ya tramu, na madume wakigongana huku Schaerbeek, kahawa inamwagika Flagey, mtaa wa mbali kabisa. Nilipofika pale mlima unapotoa kondoo mwingine, nyundo ikasimama.

Akafungua simu, akanionyesha video. Mlima wa kwao: mteremko mkavu, mawe matupu.

“Sioni kitu,” nikasema.

“Ngoja.”

Jiwe moja likageuza kichwa. Likafuata la pili. Halafu mteremko mzima ukasimama kwa miguu, rangi ya mawe, matumbo meupe, pembe zimepinda nyuma kama mkono wa mtu anayejikuna mgongo. Wallahi, nimeona theluji, nimeona mfalme akipita. Lakini hili sijawahi kuliona. Nikakaa juu ya viatu vya watu.

“Unaona, tonton?” nikanong'ona. “Wanatoka jiweni.”

Hakucheka. Alinieleza kwamba utotoni mwake walikuwa karibu kwisha. Wawindaji walitaka pembe, na kondoo wa kufugwa, wa baba yake wakiwemo, walimaliza majani na maji. Mlima ukazungushiwa ua. Baba yake akahamisha kundi lake, akanuna mpaka anaingia kaburini. Kila mwaka walinzi walikaa kilima cha pili na darubini, wakihesabu, wakirudia kuhesabu, maana kondoo akilala huwezi kumtofautisha na jiwe. Walipoongezeka, wachache wakapelekwa mlima mwingine, ili ugonjwa mmoja usiwamalize wote.

Nikamuuliza, sasa kesho niwaambie jopo wanatoka wapi?

“Tumboni mwa mama zao,” akasema, akaokota nyundo. “Mmoja kwa mwaka, mara nyingine wawili. Baba aliondoa kondoo wetu, wao wakapata majani. Bon, ni hivyo tu. Na wewe toka juu ya viatu vya wateja.”