Anza na Kumi

Rula za karakana ile zilikuwa mbovu tangu enzi hizo. Ncha zimelika, sentimita za mwanzo hazisomeki, na maombi ya rula mpya yalikuwa yanaishia mezani kwa mkuu wa shule. Basi mwalimu wa usanifu na ufundi akabuni njia yake: "Anzeni na kumi, wanangu. Ukitaka arobaini, weka alama kwenye hamsini." Miaka kumi na tisa aliimba wimbo huo huo, mpaka wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Kumi.

Mwenyewe alikuwa amechoka, tena kuchoka kwenyewe. Miguu ilivimba kwa kusimama kutwa kwenye sakafu ya saruji. Mkewe alishamwambia, "Baba watoto, wakitaka kuifunga hiyo karakana, waache waifunge." Na kweli walitaka. Mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi, na kazi isipomridhisha, karakana inageuzwa stoo. Lakini mwalimu, pamoja na uchovu wake wote, kila alipofikiria madawati mabovu yakirundikwa juu ya meza zake, roho ilimuuma.

Alhamisi asubuhi, lo, mkuu wa shule huyo na rula mpya zinazong'aa, apate kujionyesha kwa mgeni! Wanafunzi wanane, kila mmoja na stuli yake, walitakiwa kukata miguu ya sentimita arobaini. Mwalimu alikuwa anahangaika na jiliwa la kubania mbao lililokwama. Alipoinua macho, stuli zote zilikuwa zimeshasimama.

"Mungu wangu! Hamsini!"

Watoto wa watu walikuwa wamepima kuanzia sifuri, halafu, kwa mazoea, wakaweka alama kwenye hamsini.

Mkaguzi, mama mfupi asiye na masihara, akaketi juu ya mojawapo. Miguu ikaning'inia. "Mwalimu, hapa nimekaa au nimepanda?"

"Kosa si lao, mama," mwalimu akasema. "Mimi ndiye niliyewafundisha ubovu wa rula." Akamweleza yote, bila kujitetea.

Mkaguzi akajitikisa kushoto, akajitikisa kulia. Stuli haikuyumba. Akajaribu ya pili, ya tatu, mpaka ya nane. Hakuna iliyocheza.

"Wote wanane wamekosea sawasawa?"

"Sawasawa, mama."

"Basi wanakusikiliza. Haya, punguzeni, nasubiri."

Misumeno ikalia. Walipomaliza ya saba, mkaguzi akapima: arobaini kamili, zote saba. Hakungoja ya nane; akaandika kwamba karakana inabaki, akatia sahihi, akaenda zake.

Watoto wakapiga vigelegele. Mwalimu naye alifurahi, alifurahi sana, na papo hapo akakumbuka kwamba kesho asubuhi atakuwa amesimama palepale.

Kiranja wa darasa, binti mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, akashika msumeno. "Mwalimu, tumalizie hii ya nane?"

"Iache, binti yangu. Niletee hapa."

Akaipanda, akaketi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, miguu yake haikugusa sakafu ile.