Shamba Lililokuwa Linaongezeka Lenyewe

"Shikamoo Bibi. Naomba urudishe masale yalipokuwa."

"Marahaba. Niyarudishe wapi?"

"Unajua mwenyewe. Yamesogea."

"Yamesogea upande gani, Mama Hilda?"

Hapo nikakwama.

Maana masale yalikuwa yamesogea kwenda kwake. Yaani shamba langu mimi ndilo lililokuwa linaongezeka.

Cheka tu. Ila kama umezaliwa Marangu huwezi kucheka. Huku ndugu wa tumbo moja wanapelekana kwa balozi wa nyumba kumi kwa ardhi ya upana wa kiganja. Hakuna mtu anayekuongezea kihamba, shamba la ukoo, hivi hivi.

Bibi Mektrida alikuwa jirani yangu, mjane wa mzee Thadeus aliyefariki miaka miwili nyuma. Kilichotutenganisha ni mstari wa masale kumi na manne, yale majani marefu ambayo kwetu ndiyo mpaka, ndiyo hati, ndiyo hakimu. Kung'oa isale la mpaka ni laana. Hata mlevi akirudi kutoka kwenye mbege analizunguka.

"Anayesogeza anajua anachosogeza," Bibi akaniambia. Akageuka aende ndani. "Omba tu amalize."

Amalize nani, na amalize nini? Hakusema.

Ilianza wiki ya Pasaka, mwaka tisini na tisa. Masale matano ya juu kabisa, kwenye mteremko ambao hata mbuzi huteleza, niliyakuta yamehama hatua moja. Yamepandwa vizuri, udongo umeshindiliwa. Unyayo hakuna. Nikajipa moyo kwamba mvua ya masika imeufuta.

Baada ya hapo ikawa kila Jumapili. Nikirudi misa ya pili, nakuta isale jingine limehama.

Sasa, mimi nyumba yangu haikauki watu. Nilikuwa nauza mitumba Mbuyuni pale Moshi mjini siku mbili kwa wiki, siku zilizobaki sebule yangu ni kituo cha habari. Simu za mkononi zilikuwa za wakubwa, lakini habari ikiingia kwangu ilifika haraka kuliko simu.

Nikaianika mezani, pamoja na chai.

Eunike, fundi cherehani, ndiye aliyeniharibia maisha.

"Mwenzangu, umepima upana?"

"Hatua moja."

"Hatua moja inatosha kufanyia nini?"

Nikamsogezea sukari.

"Sisi tunazikana vihambani, Mama Hilda. Huyo bibi anakutengea pa kulala."

Chai ikapoa vikombeni.

Kuanzia siku hiyo sikuwa mimi. Nikipita migombani nasikia harufu ya kiko cha mzee Thadeus. Nasikia kikohozi chake, kile cha mara mbili halafu kimya. Nageuka, ni majani ya mgomba tu. Mume wangu Hosea alikuwa mpagazi, wiki nzima yuko mlimani na wazungu, nami nimebaki nautazama ule ukanda wa udongo mpya kama mtu anayetazama kitanda chake.

Nikaamua kuhama. Kihamba cha babu zake Hosea, nikiache, nikapange chumba mjini. Nguo za watoto nilishazifunga.

Na kabla ya kuondoka nikahakikisha kila mtu anajua sababu. Wee, nilisema. Nilisema mferejini, nilisema kwenye jumuiya ya sala, nilisema kwa muuza nyama. Sikutumia neno mchawi, Mungu shahidi. Nilikuwa nasema tu, "Mimi sijui, ila mjionee wenyewe."

Wiki hiyohiyo wafanyabiashara wa Mbuyuni tukaitwa semina mjini. Nilifuata soda, sitaki kudanganya.

Mwalimu alikuwa Hafidhi, kijana wa hapohapo Moshi aliyerudi kutoka Nairobi na tai nyekundu. Alifundisha elimu inayoitwa NLP. Kirefu chake kilinivunja ulimi, nikaandika herufi tatu nikaacha. Alichosema ni kwamba mtu akibadili anayoyaamini, maisha yake nayo yanabadilika.

Akaandika ubaoni: Ramani siyo shamba.

Mama mmoja akadakia, "Mwalimu, sisi huku hatuna ramani. Tuna masale."

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka.

"Ramani ninayosema iko kichwani, mama," Hafidhi akasema. "Kila mtu anatembea na yake, na kila mtu anadhani ndiyo shamba lenyewe."

Akaendelea. Kwamba kila tendo, hata liwe baya, yule anayelitenda ana jambo jema analolitafuta.

Nikanyoosha mkono. "Hata mchawi?"

"Ulimuuliza?"

"Mchawi anaulizwa?"

"Sasa ulijuaje kama ni mchawi?"

Watu wakaguna. Nikakaa chini nikijifanya natafuta kalamu.

La mwisho nililoandika ni hili: maana ya neno lako siyo ulichokusudia, ni jibu linalorudi. Niliandika kama mtu anayenakili namba ya gari.

Jibu nilikutana nalo jioni hiyo nikiwa napandisha kwenda nyumbani. Bibi Mektrida yuko mferejini na ndoo yake. Wanawake sita wamesimama pembeni, kimya, wanasubiri amalize aondoke ndipo wachote. Na jumuiya, nikasikia, zamu ya kusali kwake imerukwa.

Mimi si nilikuwa nasema tu?

Jumapili nikavaa kitenge cha misa, nikatoka watu wakiniona, nikazunguka nikarudi kupitia kwenye kahawa. Ukungu ulikuwa mzito, unaona mgomba wa tatu, wa nne huuoni.

Nikasikia jembe.

Halafu sauti ya Bibi. "Shika hapo, Baba Fredy. Usiniachie peke yangu, mzigo ni wako."

Baba Fredy ni mzee Thadeus. Aliyezikwa miaka miwili iliyopita.

Nikachungulia. Bibi amepiga magoti bondeni, kwenye isale la kabla ya mwisho. Mikono yote miwili iko kwenye jembe, anavuta udongo kufukia shimo. Isale limesimama wima.

Upande wa pili hakuna mtu.

Miguu ilitaka kukimbia. Lakini lile swali la mwenye tai nyekundu likanishika shingo. Ulimuuliza?

"Shikamoo Bibi," nikasema, sauti kama ya kuku. "Unafanya nini?"

Hakushtuka. Aliweka jembe chini taratibu.

"Narudisha."

"Unarudisha nini?"

"Mama mkwe wako alipolazwa hospitali ya Mawenzi, miezi mitatu, wewe hujaolewa bado, nyumba yenu haikuwa na mtu. Thadeus akasogeza mpaka hatua moja. Tulikuwa na vijana sita na kihamba kama leso. Alitaka Fredy apate pa kujenga." Akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Mimi ndiye niliyemshikia masale."

Fredy nilimfahamu. Alikwenda Dar akapotelea huko, hata Krismasi haji.

"Siku tatu alishindwa kukata roho," Bibi akasema. "Anataja masale tu."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama mpaka nikaona aibu kabla hajajibu.

"Nije niseme mume wangu mwizi, kwako? Kwako, Mama Hilda, ambako neno likiingia asubuhi mchana liko Himo?"

Niliwaza zile siku nilizokaa nikiamini ananichimbia kaburi, kumbe mama wa watu anatafuta tu mumewe apumzike. Na mimi nikamzika akiwa hai, kwa mdomo.

Nikavunja jani la isale, nikalifunga fundo. Nikapiga magoti kwenye tope, na kitenge changu cha misa, nikampa kwa mikono miwili. Kwetu ukiletewa isale hivyo, huwezi kukataa kusamehe, hata kama moyo haujataka.

Alilipokea, akalipapasa lile fundo.

"Nani atakuja kunywa chai kwangu sasa?"

"Nitawaleta mwenyewe. Nilivyowatoa ndivyo nitakavyowarudisha."

Na niliwarudisha, mmoja mmoja, Eunike akiwa wa kwanza. Kazi ile ilinichukua mpaka mavuno ya kahawa. Kusema kulinichukua siku mbili.

Ndugu zangu, ninachowaambia ni hiki. Nia njema haifuti wizi, mzee Thadeus aliiba. Ila ukimuuliza mtu anatafuta nini, mnapata pa kuanzia kuongea. Usipomuuliza, utakaa na ramani yako kichwani, na ramani ya hofu haikosi kaburi.

Hapo ningeishia. Lakini kuna jambo halikuwa kwenye daftari la Hafidhi.

Asubuhi ile tulipanda isale la mwisho pamoja. Nikamshika mkono Bibi anyanyuke, magoti yakalia. Ndipo nikauliza.

"Bibi, kule juu kwenye mteremko ulipandaje?"

"Juu wapi?"

"Yale matano. Si ndiyo yaliyoanza?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

"Kwa magoti haya? Mimi nimefanya haya ya huku chini tu. Yale niliyakuta yameshahama. Nikajua ameanza mwenyewe, nikasema nimsaidie amalize."

Ukungu ulikuwa unaanza kupanda. Kutoka migombani tukasikia kikohozi. Mara mbili, halafu kimya.

Bibi hakugeuka. Aliingia jikoni kwake akapakua kiburu, ndizi na maharage, kinatoa moshi. Akaweka sahani tatu.

Tulikuwa wawili.

Akarudi akasimama mlangoni, ameelekea migombani, sauti ya kawaida kabisa.

"Baba Fredy, kazi imekwisha. Karibu ndani tule."