Kambi Tuliyoipata Arizona

Mdogo wangu alipopiga simu kutoka Phoenix kunieleza kwamba daktari amemwamuru alale kitandani mpaka ajifungue, nilijua nitakwenda hata kabla hajamaliza. Alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, mara nyingi yuko barabarani, na mama yetu kule nyumbani Kenya alinyimwa viza. Ndugu wa karibu nilikuwa mimi, ingawa kutoka kwetu Brooklyn Park, Minnesota, hadi Arizona ni safari ya ndege.

Hospitalini ninakofanya uuguzi walinipa likizo bila maneno mengi. Mume wangu akasema atabaki na atajipikia, jambo ambalo sote wawili tulijua si kweli. Tatizo likawa binti yetu. Alikuwa na miaka kumi, na ana selimundu: chembe zake za damu hujikunja, hukwama kwenye mishipa, na zikikwama maumivu yake hayasemeki. Akikaukiwa na maji mwilini, maumivu huja. Akipata baridi ya ghafla, huja. Na sasa nilikuwa nampeleka jangwani wakati wa joto kali, akakae nyumba moja na mgonjwa asiyeruhusiwa kuinuka. Angeshinda akitazama simu tu. Alihitaji watoto wenzake.

Basi kila nikitoka shifti niliketi jikoni na kupigia kambi za watoto za likizo, ambako hushinda wakicheza, huko Arizona. Nyingi ziko juu milimani, kwenye misonobari, kwa sababu huko kuna ubaridi. Picha zake zilinivutia. Nilipompigia daktari wa mtoto kule Saint Paul, akaniambia nizisahau: hewa ya juu ina oksijeni kidogo, na kwa damu yake hiyo ni hatari. Nikarudi kutafuta bondeni. Kambi moja watoto walicheza nje asubuhi yote. Nyingine, kijana aliyepokea alinisikiliza vizuri mpaka nilipotaja ugonjwa, sauti ikabadilika, akasema atanipigia. Hakupiga.

Jumapili, baada ya ibada kule Brooklyn Center, mji jirani, mama mmoja tunayeimba naye kwaya aliniuliza mbona nimekonda. Nikamweleza.

"Ukiwapigia, unaanza na nini?" akauliza.

"Naanza na ugonjwa. Sitaki kuwaficha."

"Usiwafiche. Lakini anza na mtoto mwenyewe, dada. Ugonjwa utafuata."

Kesho yake nilipigia kambi ndogo iliyokuwa ikiendeshwa kwenye jengo la jumuiya, si mbali na kwa mdogo wangu. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya taratibu, ambaye ndiye mwenye kambi. Nikamwambia nina binti anayependa kuchora, anayeongea sana, na anayependa kuwapangia wenzake michezo wapende wasipende. Akacheka. Ndipo nikamweleza selimundu. Nikajiandaa kuagwa.

"Maumivu yakikaribia," akauliza, "yeye mwenyewe hujuaje?"

Mimi muuguzi, na mama yake, sikuwahi kumuuliza hilo. Nikamwita binti yangu na kumuuliza. Akaichukua simu mkononi mwangu na kujibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Alisema huanza miguuni, kama amevaa soksi zinazombana, na hapo huwa bado kuna nafasi ya kunywa maji na kulala kidogo. Waliongea wao kwa wao kwa muda mrefu. Aliponirudishia simu alikuwa akitabasamu.

"Amesema niende, Mum."

Mwenye kambi akanieleza yaliyobaki. Saa za joto watoto hukaa ndani kwenye kiyoyozi, kila mmoja hutembea na chupa yake ya maji, na muuguzi yupo kila siku. Nilipokata simu niliinamisha kichwa mezani na kupumua.

Phoenix joto lilitupokea mlangoni pa uwanja wa ndege. Binti yangu alirudi nyuma hatua moja, akanitazama kama anayeniuliza kama nina hakika na jambo hili.

Siku ya kwanza nilimwacha kambini nikashindwa kuondoka. Niliketi garini pale pale, injini ikinguruma, hadi mwenye kambi akatoka na kugonga kioo.

"Nenda ukamwangalie mdogo wako," akasema. "Nambari yako ninayo."

Nikaenda. Nilikuwa nakoroga uji simu ilipolia, na mwiko ukaniponyoka.

"Yuko salama," akaanza na hilo. "Ila wenzake wanaingia bwawani, naye ameniambia haruhusiwi. Nikaona nikuulize."

Nikasema hapana upesi. Kwetu Minnesota maziwa yako kila upande, na kila kiangazi watoto wa kanisani huogelea huku wangu akikaa ufukoni na sweta. Aliwahi kuingia maji yale baridi mara moja, akiwa mdogo, na siku ile iliishia hospitalini kwenye dripu. Nikamweleza hayo yote.

"Njoo kwanza utie mkono majini," akasema.

Mdogo wangu alikuwa amesikia kutoka kitandani. "Nenda tu, dada. Mimi sitatoroka."

Nikaenda nikapiga magoti ukingoni na kutia mkono. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kama yale ya kumwogeshea mtoto mchanga. Jua lilikuwa limeyapasha bila mtu kuwasha chochote. Nikavua viatu nikatia na miguu, nikitafuta baridi, nisiione.

"Ingia," nikamwambia binti yangu.

Alishuka ngazi polepole. Maji yalipofika magotini akasimama, akasubiri. Nami nikasubiri. Hakuna kilichokuja. Akaendelea hadi kiunoni, hadi mabegani, kisha mwalimu wa kuogelea akamshika mgongo na kumlaza juu ya maji, macho yakitazama mbinguni. Akacheka maji yakamwingia mdomoni. Machozi yalinitoka nikaacha yatoke.

Maumivu yalimjia mara moja tu kiangazi kile. Aliona soksi zinaanza kubana, akamwambia muuguzi mwenyewe, akanywa maji na dawa, akalazwa na mfuko wa joto miguuni. Mpaka nafika mbio, alikuwa ameshakaa anacheza karata, na aliniuliza kwa hasira kidogo kwa nini nimekuja mapema.

Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kiume, mapema kuliko tulivyotazamia, lakini mzima na mwenye kelele. Shemeji alifika na lori lake akiwa hajanyoa, akamchukua mtoto, akampakata. Mdogo wangu alinishika mkono. Tulikuwa tumeogopa kwa muda mrefu sana hata tukasahau kwamba tunaogopa.

Tulirudi kabla shule hazijafunguliwa. Ndege ilipopaa binti yangu alinilalia begani, nami, ambaye sijawahi kufumba jicho nikiwa angani, nikalala papo hapo. Mhudumu alitugusa kutuamsha ndege ikiwa tayari inashuka, na mume wangu anatusubiri chini.