Kigoda cha Ghorofa ya Tatu

Binti yangu aliponiambia ana mimba ya miezi mitatu, nilipiga kigelegele katikati ya soko la Ilala mpaka wateja wakaacha mashuka yangu wakageuka kunitazama. Kisha nikakumbuka anakoishi, furaha ikaniishia miguuni. Anaishi Kariakoo, ghorofa ya tano, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla yeye hajaolewa. Na mimi wakati huo nilikuwa mtu wa kutweta nikitoka kitandani kwenda mlangoni.

Sisemi hivyo ili mcheke. Miaka yangu yote nimekaa nyuma ya meza ya mashuka ya mtumba, chai na chapati mbili saa nne, wali saa nane, na kazi yenyewe ni ya mikono tu: kunja, kunjua, kunja. Daktari alishaniambia nitembee. Nikamjibu ndiyo baba, nikatoka nje nikaita bajaji.

Lakini uzazi wa kwanza wa binti ni wa mama yake. Kwetu Masasi hilo halina mjadala. Mama ndiye anayemkanda mzazi kwa maji ya moto, ndiye anayemwogesha mtoto, ndiye anayekoroga uji, siku arobaini nzima. Kazi hiyo nilikuwa naisubiri tangu huyo binti mwenyewe yuko mgongoni kwangu.

Jumapili nikaenda kuwapongeza. Nikapanda. Ghorofa ya pili nikaona nyota. Ya tatu nikakaa chini kwenye ngazi, na gauni langu la kutokea, nikashindwa kunyanyuka. Mkwe wangu akaja mbio, akamwita mbeba mizigo mmoja, wakanishika huku na huku wakanishusha kama kabati. Watu wakapisha, sikatai, walikuwa na adabu. Mmoja akasema, "Taratibu jamani, huyo ni mama wa mtu." Nililia kwenye bajaji mpaka nyumbani Buguruni.

Wiki hiyohiyo mama wa mkwe wangu akanipigia simu kutoka Kilimanjaro. "Mzazi mwenzangu, pole na miguu. Wala usijisumbue, nitakuja mimi nikae naye, nimpikie mtori wa ndizi." Alisema kwa upendo, sasa najua. Siku ile nilisikia mengine. Yeye mwembamba, kazaliwa mlimani, ngazi kwake ni mchezo. Nikamjibu, "Asante dada, tutaona," nikakata simu, nikamgeukia mume wangu. "Thubutu! Mjukuu wangu wa kwanza aogeshwe na mwingine, mimi niko hapa nakunja mashuka?"

Mume wangu akasema basi binti aje kujifungulia kwetu. Kwetu ni chumba na sebule, wapangaji saba na choo kimoja. Hata yeye alijua kasema ilimradi kasema.

Ndipo nikaanza tizi, kwa siri. Nilinunua raba, nikawa kila asubuhi, kabla sijafungua meza, natembea kutoka nyumbani hadi Kariakoo, napanda ngazi za lile jengo mpaka nishindwe, kisha nashuka narudi sokoni. Binti sikumwambia. Kama ni kushindwa, nishindwe peke yangu.

Hasira ilinibeba wiki mbili, ikaisha. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna aliyeniambia: hasira inaisha. Asubuhi moja niliamka sina ubaya na mtu yeyote, mama mkwe wa mwanangu namwona mtu mwema kabisa, na kitanda kitamu. Sikwenda. Kesho yake pia sikwenda. Siku ya tatu nilijifanyia ujanja. Nililala na soksi miguuni, raba nikaziweka pale ninapokanyaga nikishuka kitandani. Nikajikataza swali moja tu, kama ninataka kwenda. Nikijiuliza, nimekwisha. Nikivaa raba kabla sijajiuliza, nikishtuka niko barabarani, na mtu mzima hawezi kurudi nyumbani watu wameshamsalimia.

Adui yangu mkubwa alikuwa kigoda. Ghorofa ya tatu kuna fundi cherehani, mwanamke wa rika la binti yangu, na mbele ya mlango wake, pale ngazi zinapokata kona, nilianza kukuta kigoda kipya cha mti. "Shikamoo mama. Pumzika kidogo." "Marahaba." Nakaa. Loo, kitamu! Ila nikishakaa, magoti yanaganda, nasema ghorofa mbili zilizobaki nitazipanda kesho. Nilisema kesho siku nane mfululizo.

Siku ya tisa nikamwambia fundi aondoe kigoda chake. Akasema sawa mama. Asubuhi iliyofuata kipo palepale. Nikafoka: "Hivi wewe binti, unataka nife nimekaa? Nani kakutuma?" Akainama kwenye cherehani yake akaendelea kushona. Kila siku mimi nafoka, kila siku kigoda kipo. Basi nikawa napita nimekigeuzia uso, nasema na goti langu la kushoto, lenye kiburi kuliko la kulia. "Twende. Leo utaona." Fundi alikuwa akicheka chinichini, nami nikapanda kwa ajili ya kumkomoa.

Mimba ilikuwa ya miezi sita nilipofika juu. Nilisimama mbele ya mlango wa mwanangu, moyo unagonga masikioni, nikainua mkono nibishe hodi. Mlango ukafunguka kabla sijaugusa. "Karibu mama," akasema, "chai tayari." Basi! Hakushangaa, hakupiga kelele, kama vile nimetoka chumba cha pili. Nilikunywa ile chai nimenuna.

Sokoni nako mambo yakaharibika. Nilikuwa nimepungua, na Dar mtu akipungua ana ugonjwa au ana mume mkorofi. Jumapili moja wenzangu wa mezani wakaja Buguruni, wanne, na kuku mzima na mapapai, kunipa pole. Hawakusema pole ya nini. Walimwangalia mume wangu vibaya mno mpaka maskini akatoka nje akakaa na wapangaji. Nilipowaeleza kuwa ni ngazi, mmoja akanishika mkono akasema, "Shoga, kwetu huna haja ya kuficha." Nikawapikia kuku wao wenyewe, tukala. Nawapenda wale wanawake.

Mtoto alikuja alfajiri, wa kike. Mzazi mwenzangu alituma mkungu wa ndizi za mtori kwa basi, na ujumbe: "Kazi ni yako, mimi nitakuja siku ya ubatizo." Nilipanda na begi langu, nikashuka, nikapanda tena na mkungu. Sikusimama mahali. Nilipita mlango wa fundi nimeinua kidevu.

Saa ya kumwogesha mtoto ikafika. Maji nimeshayapima kwa kiwiko, beseni liko sakafuni. Mtoto mchanga kwetu analazwa juu ya miguu ya bibi, na bibi lazima akae chini chini. Nyumba ile ina makochi na viti virefu tu. "Mwanangu, huna hata kigoda?"

Akacheka, huku kashika kiuno. "Ninacho mama. Kiko kwa fundi, ghorofa ya tatu."

Nikamtazama.

"Nilikinunua siku ile uliposhushwa. Nikamwomba akiweke nje, asikwambie. Kila asubuhi nilikuwa nasimama hapo juu nasikiliza raba zako. Nilitaka kushuka nikushike mkono, nikajua nikishuka hutarudi tena. Sasa ukichoka ungekaa wapi?"

Nilimkabidhi mtoto wake, nikashuka. Fundi aliponiona akasimama, nadhani alidhani naja kufoka. Nikamwambia, "Nisamehe mwanangu, nimekutukana bure." Akasema, "Mama, mbona ulikuwa unanichekesha." Akaniinulia kigoda pale mlangoni, nikakibeba kichwani ghorofa mbili.

Nikakaa juu yake. Nikanyoosha miguu juu ya beseni, goti la kushoto na la kulia, magoti niliyoyatukana miezi sita. Binti yangu akamlaza mtoto pale, taratibu, halafu akakaa sakafuni kando yangu akaegemeza kichwa begani kwangu, kama alivyokuwa akifanya zamani akiwa na usingizi.

"Mwagia maji, mama," akasema. "Yanapoa."