Bushi za Mashine ya Miwa

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa Mombasa, na alipohamia kwetu Donholm miaka ya tisini alikataa katakata kukaa bure. Alinunua mashine kuukuu ya kukamua miwa, ile ya gurudumu la kuzungushwa kwa mkono, akaiweka nje ya geti. Mimi mkaza mwana nikawa mshirika wake.

Tatizo lilikuwa bushi, yaani zile pete nene ambazo ncha za rola zinazobana miwa huzungukia ndani yake. Zilikuwa zimelika hadi rola zinacheza, muwa unatoka upande wa pili na maji yake yote. Na Ramadhani ilikuwa inabisha hodi. Tukachukua sufuria zilizotoboka, tukampelekea fundi mmoja karibu na Soko la Burma. Akaziyeyusha, akakereza bushi mpya zinazometameta.

Asubuhi mashine ilizunguka vizuri. Kufika alasiri ikaanza kulia kama mbuzi anayevutwa masikio. Jirani yetu, Mkamba mmoja dereva wa lori, ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa lao, na alikuwa akifanya mazoezi na waimbaji sebuleni kwake. Akachungulia dirishani.

"Mama," akamwita mama mkwe, "hiyo mashine yako inaimba sauti ya tano, na sisi tuna nne tu!"

"Basi ifundishe, baba. Si wewe ndiye mwalimu?"

Kabla hajajibu, gurudumu likakwama. Mama mkwe, ambaye hakuwa mwembamba, akaliegemea kwa uzito wake wote. Nami nikamshika kiunoni nikavuta. Wapi! Kwaya nzima ikatoka nje kututazama, wakacheka, na sisi tukacheka mpaka tukaketi chini.

Jirani akaleta spana, akafungua. Bushi ilikuwa imechanikachanika kwa ndani, na vipande vya alumini vimegandamana na shafti, ile ncha ya chuma ya rola, kama ugali kwenye mwiko.

"Alumini ya sufuria ni laini mno," akasema. "Ukiibana na chuma uisugue, inang'ang'ania. Pistoni ya injini nayo ni alumini, lakini imechanganywa na kitu kigumu. Hiyo imezoea kusuguana."

Akaenda kwenye lori lake, akarudi na pistoni mbili zilizokwisha kazi. Sikuamini, maana kwa macho zilifanana na sufuria. Nikachukua msumari nikajaribu. Kwenye kipande cha sufuria ulichimba mfereji. Kwenye pistoni uliacha alama kama unywele.

Fundi wa Burma alipoziona alijipiga paji la uso. "Mbona hamkuniambia bushi ni za kubeba mzigo?" Akaziyeyusha pistoni, akakereza bushi nyingine. Safari hii aliisugua shafti kwa msasa hadi ikawa laini kabisa, kwa sababu, alisema, vile vipande vilivyoganda vingeitafuna bushi mpya. Kisha akatoboa kitundu juu ya kila bushi cha kudondoshea mafuta.

Jirani alikuwa tayari na oili ya injini. Mama mkwe akaruka. "Watu wafuturu oili? Astaghfirullah!" Akaingia ndani, akatoka na chupa ya mafuta ya nazi aliyokuwa akijipaka kichwani. "Nywele zangu zitasubiri."

Siku ya kwanza ya mfungo, kabla ya magharibi, foleni ilifika kona. Nilizungusha gurudumu kwa mkono mmoja, nikisikia muwa tu ukipasuka. Furaha niliyoisikia siwezi kuieleza. Idd ilipofika, jirani alikuja na mkewe wakala pilau, kisha akatukamulia maji ya miwa yeye mwenyewe, huku akiimba sauti zote nne.

Bushi zile nazo zililika, ila polepole. Mama mkwe alizoea kuitikisa rola kwa vidole, na ikicheza anajua wakati umefika. Akawa anamsimamisha kila dereva wa lori: "Mwanangu, huna pistoni mbovu?" Zikajaa chini ya kitanda chake, mpaka mume wangu akamuuliza kama anaunda lori.

"Nikilimaliza," akamjibu, "wewe utakaa nyuma."