Anataka sahihi yangu abaki mpaka arobaini ya mama yake

Admin, jina langu libaki kwako tu. Hapa Kindu, Kongo, watu tunajuana, na huyu ninayemsema yuko barazani sasa hivi, anakunywa chai niliyomchemshia mimi.

Nina miaka thelathini na moja, sijaolewa, ninafundisha kemia sekondari. Nimelelewa na Bibi, mama wa mama yangu, na kwa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, nyumba yake imeandikwa kwa jina langu kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Bibi alipoanza kuishiwa nguvu aliniomba jambo moja: nimwite mwanawe wa kwanza, anayeishi Kigoma tangu ujana wake. Mjomba huyo ana pasipoti ya Tanzania. Ili aingie katika mji aliozaliwa, ilibidi mwenyeji aandike barua ya kumpokea. Niliiandika. Nilichana karatasi mbili kabla ya kutia sahihi ya tatu, na Bibi akadhani ni furaha.

Sasa mjue ni kwa nini nilizichana. Wakati wa vita nilikuwa na miaka saba. Mama alikimbia na mimi mpaka Kalemie, tukavuka ziwa, tukafikia kwa Mjomba. Tulipewa kibali cha wageni cha miezi mitatu. Kilipokaribia kuisha, mama alihitaji mwenyeji wa kwenda naye ofisi ya uhamiaji aseme maneno machache: huyu ni dada yangu, anakaa kwangu. Mjomba alikubali, akatusindikiza. Nilisimama nimeshika kitenge cha mama. Afisa akachukua kwanza karatasi za Mjomba, akazisoma, akainua macho.

"Wewe umezaliwa hapahapa. Huyu mama ametoka Kongo. Undugu wenu umetokea wapi?"

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba Mjomba alikuwa amedanganya mahali alipozaliwa ili apate karatasi zile. Alijifuta jasho shingoni. Kisha akasema, "Si ndugu, mzee. Ni mpangaji tu. Hata kwao sipajui."

Mama alisema neno moja, ambalo kwetu ni la kumwita kaka mkubwa: "Yaya?" Mjomba hakugeuka.

Siku mbili baadaye tulirudishwa Kalemie kwa boti. Treni zilikuwa hazitembei, tukashika njia kwa miguu pamoja na akina mama waliobeba chumvi. Kabla ya Kongolo mama alianza kuhara. Alikufa siku ya nne, chini ya paa la majani la watu tusiowajua. Aliniambia, "Usimwambie Bibi. Mutoto wake njo yule, itamuua." Nikamwahidi. Wauza chumvi wakanifikisha Kindu. Bibi aliponiuliza kwa nini tulirudi kwenye vita, nilisema sijui. Nimesema sijui mpaka nimekuwa mtu mzima.

Mjomba alifika mwezi huu na zawadi za kanga na tende. Wiki mbili baadaye Bibi akafariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe. Nilivumilia hata hilo. Lakini siku ya tatu ya matanga, mbele ya watu waliojaa uani, mzee mmoja wa msikitini akamtaja marehemu mama yangu katika dua. Mjomba akatoa leso.

"Dada yangu alikuwa na kichwa kigumu," akasema. "Nilimsihi abaki kwangu, nilimlilia pale bandarini. Akasema anataka kwao. Mimi ningefanya nini?"

Watu wakasema, "Pole, kaka, njo mipango ya Mungu." Mimi nilikuwa nimebeba sinia la wali. Alinitazama usoni bila aibu yoyote, akanitabasamia kama mtu anayemfariji yatima. Anaamini mtoto wa miaka saba hana masikio.

Kosa la Mjomba na ndugu zake ni hili: walipoomba viza waliomba siku thelathini, na hakuna aliyekumbuka kwamba mama akifa arobaini lazima isomwe, na mwana mkubwa ndiye anayekaa mbele. Viza yake inaisha Ijumaa. Kuongezewa kunawezekana, lakini mwenyeji yuleyule aliyetia sahihi lazima aje mwenyewe ofisi ya uhamiaji, aseme bado anampokea. Mama mdogo, mdogo wa mwisho wa Mjomba na marehemu mama, jana alicheka mpaka akashika mbavu: "Ayi, yaya! Umekuwa mugeni mpaka kwenu, mutoto njo anakuombea ruhusa!" Mjomba naye akacheka. Akanigeukia: "Alhamisi saa tatu, mwalimu. Usinicheleweshe, bibi mdogo."

Nimesema sitamchelewesha.

Ndugu zangu wasomaji, nimeshapanga. Nitavaa vizuri, nitaandamana naye, na ajenti, afisa wa pale, akiniuliza nitasema ninaondoa sahihi yangu, simpokei tena. Sitapiga kelele. Nataka nimuone shingo ikitoka jasho. Nataka apande ndege akiwa anajua kwamba watu watamsomea mama yake Kurani na mkeka wake wa mbele hauna mtu. Nikiwaza hivyo ninalala vizuri, na hilo ndilo linalonitisha kidogo.

Linalonisumbua ni moja. Familia itaniuliza sababu. Nilimwahidi mama kwamba Bibi hatajua, na Bibi amekufa bila kujua. Je, ahadi hiyo imezikwa naye? Niseme yote uani, mbele ya watu walewale waliompa pole? Au nimwache aende, ninyamaze, niitwe mimi mchawi niliyemnyima mtu arobaini ya mama yake?

Zimebaki siku tatu. Nishaurini mapema. Ila asije mtu hapa kuniambia nisamehe kwa sababu ni damu yangu. Mama yangu alikuwa damu ya nani?